Sita Juu ya Saba

Tangu nigawiwe kishikwambi shuleni, baada ya vifaa vile kumaliza kazi ya sensa, nimeachana na vitu vingi bila kuviaga. Maandalio ya masomo sasa yamo humo, kamusi imo humo, na redio yangu ndogo imelala kabatini bila betri. Nilijiona mtu aliyekwisha kuhama kutoka kwenye karatasi. Kwa hiyo baba aliponiita nyumbani Namswea, akataka nimwingizie wasifu wake kwenye "hicho kibao chako", sikuona uzito wowote.

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Wasifu utakaosomwa siku ya mazishi yake ameuandika mwenyewe, kwa penseli, kwenye daftari, kwa sababu, anavyosema, amesikia marehemu wengi mno wakisingiziwa wema makaburini. Sasa macho yake yamefifia, na alikuwa amesikia kwamba herufi za kifaa changu hukuzwa.

"Kinaitwaje vile?"

"Kishikwambi, baba."

"Jina refu kuliko chenyewe. Haya binti yangu, piga picha. Nataka nijisome kabla hamjanisoma."

Nilipiga ukurasa kwa ukurasa, mezani karibu na dirisha. Nje, mama alikuwa akichambua kahawa juu ya chanja. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na ile sentensi ambayo kila msiba wa kwetu huingoja: marehemu ameacha mjane, watoto sita na wajukuu. Niliikuza kwa vidole viwili ili ninakili vizuri. Neno "sita" likapanuka hadi likajaza kioo, na ndani yake nikaona neno jingine.

Kwanza nilidhani ni uchafu tu. Ilikuwa ile rangi ya buluu iliyochujuka inayoachwa na kipande cha kandambili, raba ya sisi sote tuliosoma shule za huku: unakata kisigino, unakitemea mate, unasugua. Herufi ya kwanza na ya mwisho hazikuguswa. Mbili za katikati ndizo zilizosuguliwa mpaka karatasi ikaota manyoya, na chini ya manyoya hayo penseli ilikuwa imeacha mifereji. Nikaongeza mwanga. A. B. Neno lilikuwa "saba".

Tuko sita. Mimi ni wa kwanza, na wadogo zangu karibu wote nimewabeba mgongoni. Kilichonitisha zaidi ni mwandiko. Baba huandika kwa herufi zilizolala na kushikana. Hizi mbili mpya zilikuwa kubwa, zimesimama kila moja peke yake, kama alivyofundishwa mama katika darasa la watu wazima.

Nilimsogezea baba kioo. Alikitazama kwa muda mrefu, pua yake karibu ikigusa.

"Niliandika saba," alisema. "Sikufuta mimi."

"Wa saba nani, baba?"

"Yule wa usipa."

Sikuhitaji maelezo zaidi, ila nilishindwa kuamini. Kwa miaka mingi mwanamke mmoja kutoka ufukweni, upande wa Mbamba Bay, amekuwa akipanda na magunia ya usipa mkavu kuuza Mbinga mjini, na kila akija hupitia kwetu na fungu la dagaa hao wa ziwani. Humwamkia baba shikamoo, hukaa kidogo, huondoka. Nilimdhania mchuuzi mwenye moyo. Niliwahi hata kumbana bei sokoni, nikajisifu. Na nilijua fika kwamba nilipokuwa darasa la tatu baba alihamishiwa shule ya ufukweni, akakaa miaka minne, sisi tukibaki huku milimani. Nina shahada, na sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

"Mwenyewe anajua?"

"Mama yake alimwambia kabla ya kufariki. Mama yako naye anajua. Waliokuwa hawajui ni ninyi tu."

Kwetu, wasifu ukishasomwa, watoto wa marehemu huitwa mbele kuweka udongo kabla ya wengine. Asiyeandikwa haitwi. Nilimwona akilini mwangu amesimama nyuma kabisa, kati ya majirani, akingoja zamu ya watu wote ili amzike baba yake.

Mama aliingia, akapangusa mikono. Kioo kilikuwa bado kinawaka, na herufi zake mbili zilikuwa kubwa kama viganja.

"Kumbe panaonekana," alisema.

Alikaa. Baba alitazama sakafu.

"Siku ile niliyofuta nilikuwa na hasira. Yule binti alicheka, nikaona kicheko cha baba yenu. Baadaye nikataka kurudisha ile saba. Lakini nikifuta tena patatoboka, na yeye siku moja atapaona." Alinigeukia. "Humo, ukifuta neno, panabaki alama?"

"Hapabaki, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nililisema hilo na likanishtua mimi mwenyewe. Muda wote huo nilikuwa nimekisifu kifaa kile kwa usafi wake, na sikuwahi kufikiri kwamba mle mtu anaweza kuondolewa bila karatasi kuchubuka. Kama baba angeanza kuandika humo, nisingemjua dada yangu kamwe.

"Basi andika saba," mama alisema. "Sitaki aone kwamba niliwahi kumfuta."

"Na daftari langu?" baba akauliza.

"Daftari sasa ni langu."

Akalichukua, akalifungia sandukuni chini ya vitenge vyake. Akasimama nyuma yangu mpaka nilipoifuta ile picha.

Siku ya gulio iliyofuata dada yetu alikuja na fungu lake. Mama alimwambia asiondoke, akamwekea kishikwambi mapajani.

"Msomee baba. Macho yake hayamsaidii."

"Na usome taratibu," baba alisema, "bado sijafa."

Alisoma vizuri, kwa lafudhi ya ufukweni, kuzaliwa, shule, vituo vya kazi. Alipofika kwenye miaka ya ufukweni hakupunguza sauti. Alipofika mwisho, aliweka kidole kwenye idadi ya watoto. Akanigeuzia kioo, akainama kunisogelea kama mtu anayemsitiri mwenzake.

"Mwalimu, hapa umekosea," alininong'oneza. "Ninyi mko sita."

Kabla sijafungua mdomo, mama alijibu kutoka mlangoni, mikono yake imo kwenye bakuli la usipa.

"Hajakosea. Hesabu tena, na wewe ujihesabu."