Nyumba ya Mbao ya Mama

Mimi ndiye niliyeshupalia mbao. Ndugu zangu walitaka tumjengee mama nyumba ya matofali ya kuchoma, hapa kwetu Mlali, nikawagombeza wote. Tanuru moja linakula miti ya mlima mzima, moshi wake ndiyo hiyo hewa ya ukaa inayotuvurugia mvua, halafu tunakaa kulalamika! Misonobari ukiivuna unapanda mingine, nikasema, na ipo hapo Iringa tu. Lori likaleta mbao kupitia Mtera, fundi akaisimamisha nyumba juu ya nguzo fupi za mawe ili ubao usigusane na ardhi. Mama akahama tembe lake la zamani la udongo bila kusema neno. Nikajua amefurahi.

Agosti nikaenda kumsalimia. Upepo ulikuwa wa kukera, vumbi mpaka kwenye meno. Nikakuta nyumba imekandikwa udongo mwekundu kuanzia ardhini hadi dirishani, umelainishwa vizuri, kama alivyozoea kulikandika tembe kila baada ya mavuno. Jamani! Nikabandua kipande. Mchwa wakamwagika. Nikagonga ubao, ukalia kama debe tupu. Nikausukuma kwa kidole, kidole kikazama.

Na mama alikuwa ndani, amelala.

Upepo ukapiga, kuta zikalia, nikapiga kelele, "Mama! Mama, toka nje!" Nilishamwona kafunikwa na mabati, naapa nilimwona. Nikaita tena mpaka sauti ikakauka, ndipo mlango ukafunguka akatoka anajifunga kanga.

"Kuna nini? Hata shikamoo hakuna?"

Nilimkamata mkono nikamvuta hadi katikati ya uwanja, namfokea huku machozi yananitoka. Nani kamwambia akandike mbao? Udongo ndiyo njia ya mchwa!

"Nilikuwa naogopa moto," akasema. "Mbao zinawaka, mwanangu. Tangu nihamie humu usiku silali, ndiyo maana unanikuta nalala mchana. Ulivyoifurahia hii nyumba, ningekwambiaje?"

Upepo ukapiga tena. Akauliza kama leo atalala humo. Nikamwambia hapana, thubutu. Akasema haya, basi niingie nikamtolee godoro.

Nilisimama palepale. Niliogopa kuingia.