Sega Nililomnyima Mama

Mwanangu, leo sianzi kwa salamu. Nimekasirika, na hasira yenyewe ina umri mkubwa kuliko wewe, kwa hiyo kaa chini uisome mpaka mwisho.

Ujumbe uliotuma kwenye kundi la ukoo nimeuona. Umeandika kwamba kansa inakula sukari, kwa hiyo mgonjwa asiguse uji, ugali wala asali, ili ugonjwa ufe njaa. Shangazi yako Tabu, ambaye mwaka jana alikatwa titi, ameusoma kule kwake Shanwe. Tangu Jumapili hajanywa uji. Nimemkuta anatafuna mchicha mtupu, ananiambia, "Kaka, mtoto ndiye anayesomea mambo haya. Kasema." Nikatoka nje nikapiga teke ndoo, mtu mzima mimi, mpaka kuku wakakimbia.

Naikumbuka siku niliyofanya upumbavu huo huo. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na umri kama wako, mwanafunzi wa maabara niliyerudi likizo nyumbani Kawajense, nikitembea barabarani kama vile Mpanda nzima inanisubiri mimi.

Mama yangu, yaani bibi yako, naye alikuwa amekatwa titi. Tulimpeleka hospitali kwa treni, tukamrudisha kwa treni, tukashukuru Mungu tukidhani yamekwisha. Kisha kichwa kikaanza kumuuma kila asubuhi. Vitu vikawa vinamponyoka mkono wa kushoto. Siku moja akamimina chai mezani, pembeni kabisa ya kikombe, kwa sababu alikuwa anaona vikombe viwili. Daktari hakuzungusha maneno. Alisema kansa imepanda ubongoni, hapa hatuna cha kuiondolea, mrudisheni nyumbani mkamtunze.

Mimi sikutaka kutunza. Nilitaka kushinda. Kwenye begi langu nilikuwa na karatasi niliyonakili chuoni, iliyosema kwamba seli za kansa zinakula sukari kwa pupa kuliko seli nzima. Nilikuwa nimesoma upande mmoja tu wa karatasi ile. Kwa upande huo mmoja nikatunga sheria ya nyumba: mama asile ugali, asile viazi, asinywe uji, na asali asiione kabisa. Dagaa na mchicha, basi. Tabu, aliyekuwa bado msichana, alinitii kwa sababu mimi ndiye msomi. Unaona leo amemtii nani.

Sasa kuna jambo hulijui, maana nyie mmekulia mbali. Mjomba wangu alikuwa mrina asali, akikaa porini majuma mazima. Kwetu, sega la kwanza la msimu haliuzwi wala halionjwi na mtu. Lilikuwa la dada yake mkubwa, yaani mama. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na sega lile ndilo lilikuwa salamu yake. Tangu mama aolewe halijakosa kufika hata msimu mmoja.

Msimu ule alikuja na baiskeli, sega limefunikwa kwa majani. Nilimzuia mlangoni.

"Unamnyima dada yangu sega lake?" aliniuliza.

Nikamjibu kwa maneno ya Kiingereza, Mungu anisamehe, nikijua kabisa kwamba hayaelewi. Aligeuza baiskeli yake akaondoka. Mama alikuwa amelala chumbani. Sikumwambia kwamba kaka yake amekuja.

Mama alikaa hivyo majuma matatu. Aliniomba. "Hata ya kulamba kidole, mwanangu." Nami nikamjibu kwamba anataka kulisha ugonjwa. Maneno hayo nilimwambia mama yangu mzazi kwa kinywa hiki ninachokulia mpaka leo.

Aliyenifungua macho ni nesi mmoja mzee, Mama Yustina, aliyekuwa akipita kuwaangalia wagonjwa. Alimfunua mama shuka, akaona mapaja yamekwisha, akaniuliza nani kamnyima huyu chakula. Nikajieleza kwa fahari. Hakuniacha nimalize.

"Na huo ubongo wake mwenyewe unakula nini, wewe msomi?"

Ubongo unaishi kwa sukari. Nilikuwa nalijua hilo, hata kwenye mtihani nililijibu.

"Ukimnyima, mwili unajichuna nyama kutengeneza sukari," akasema. "Uvimbe haujafa njaa hata siku moja. Umekula mapaja ya mama yako, na wewe ndiye umeupakulia. Toka, kamwite mjomba wako."

Nilikwenda mbio. Mjomba alikuja na sega lile lile, hakuwa ameligusa. Alichovya kidole akampaka mama mdomoni. Mama alilamba, akafumba macho, kisha akasema polepole, "Msimu huu umechelewa, kaka. Nilidhani umenisahau."

Mjomba akanitazama. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, na sikusema.

"Nyuki ndio wamechelewa, dada," akajibu mjomba.

Tulimzika juma lililofuata. Kansa ingemchukua hata hivyo, hilo silibishi. Lakini majuma matatu, kati ya machache aliyobakiwa nayo, aliyakaa na njaa, akidhani kaka yake amemsahau, na hayo hayakutoka kwa kansa. Yalitoka kwangu.

Sasa wewe unakwenda kusomea jinsi kansa inayopanda ubongoni inavyokula. Nimefurahi, ingawa leo huoni. Nimefanya kazi ya maabara mpaka nimestaafu, na ninachojua ni hiki: ikifika ubongoni inabadili ulaji, inajifunza kula inachokikuta huko, na ukiifungia mlango mmoja inatafuta mwingine. Watu waliokutangulia bado wanaumiza vichwa. Soma, gombana na seli hizo mpaka zikuambie siri yao. Lakini kinachotokea kwenye kisahani cha maabara usikiamuru kwenye sahani ya mgonjwa mpaka ujue pande zote za karatasi. Wakikuuliza na hujui, sema hujui. Mimi niliona aibu kulisema neno hilo, na mama akalala njaa kwa ajili ya aibu yangu.

Leo hii mpigie shangazi yako. Usimwandikie, mpigie. Mwambie umekosea, kwa mdomo wako mwenyewe, asikie sauti yako. Mimi nilipata nafasi ya kusema hivyo, chumba kimoja na mama, akiwa bado ananisikia. Usiniige. Ukimaliza, mwambie asonge ugali, nakwenda kula naye, na asali nitaibeba mimi.

Mungu akupe akili ya kuimaliza kazi ambayo sisi hatukuiweza, na mkono wako usimnyime mtu kitu ambacho hukujua kilikuwa salamu yake. Nenda, mwanangu. Simu ya Tabu iko hewani.