Gesi ya Mwisho ya Fundi Abdulrahmani

Mjini Mtwara hapakuwa na mtu aliyekumbuka kunyimwa kitu na fundi Abdulrahmani. Ukimwomba bisibisi alikupa, kisha kesho yake akaja kwako kuiazima bisibisi yake mwenyewe, tena kwa kubisha hodi na kuomba radhi. Mkewe, Mwaisha, alikuwa akisema kwamba mume wake alipewa shingo ya kuitikia tu, ile ya kukataa ilisahauliwa. Miaka ya mwanzo alisema hivyo akicheka. Baadaye aliendelea kusema, ila kicheko hakikuwepo.

Fundi alizaliwa Mikindani, akajifunza kazi ya mafriji kwa Mgoa mmoja wakati bandari ikiwa bado mpya. Katika miaka ya ujamaa alikuwa na kibanda chake mtaa wa Ufukoni, chini ya mabati yaliyoliwa na chumvi. Humo kibandani, nyuma ya mlango, kulikuwa na mtungi wa gesi ya baridi, ile inayotiwa kwenye mafriji na viyoyozi. Ulikuwa wa mwisho. Baada ya vita vya Kagera maduka yalikauka, sukari ikawa habari ya kusimuliana, na gesi ndiyo kabisa, hakuna aliyeuliza itakuja lini.

Na gesi iliyobaki mtungini ilikuwa na mwenyewe. Sista Theresia, muuguzi wa kliniki ya watoto, alikuwa na friji la chanjo lililokuwa likijikongoja kwa uzee. Walikubaliana wasiliguse mpaka lichoke kabisa, maana kulifungua ni kupoteza hata kile kidogo kilichomo.

"Niwekee, kaka," Theresia alimwambia. "Chanjo ya surua ikifika halafu friji likanifia, sina pa kukimbilia. Hata mtambo wa barafu ya samaki umelala."

Mwaka uliotangulia surua ilikuwa imepita kijiji cha Ziwani ikaacha makaburi madogo madogo. Abdulrahmani aliyajua, alikwenda kuzika. Akaahidi, na aliahidi kwa moyo safi. Hilo ndilo linaloudhi katika habari hii, kwamba moyo wake ulikuwa safi.

Kisha likaja gari. Lilikuwa gari dogo jeupe la Kifaransa, kuukuu, lililoachwa na wataalamu wa kigeni walipomaliza mradi wao na kurithiwa na meneja mmoja wa shirika. Lilikuwa na kiyoyozi, jambo la ajabu kwa mji ule. Meneja alipenda kupita mjini vioo vimefungwa mpaka juu, ili kila anayetembea juani ajue kwamba mle ndani hakuna jua. Dereva wake, Erasto, ndiye aliyelileta.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Erasto. Umeniletea nini leo?"

"Nimekuletea joto. Mashine ya baridi imekata roho, na Ndugu Meneja anapokea mgeni kutoka Dar es Salaam."

"Si mfungue vioo?"

"Nani amwambie, mimi?" Erasto akaguna. "Mzee, mimi nina watoto."

Kabla fundi hajajibu, mlango wa nyuma wa gari ukafunguka na Meneja mwenyewe akashuka, shati limemganda mgongoni. Akamshika fundi begani kama wanavyofanya wakubwa wanapotaka uone kwamba wanakupenda.

"Ndugu fundi, nasikia unayo gesi."

"Ipo kidogo, Ndugu Meneja, lakini hiyo ni ya..."

"Ni ya wananchi," Meneja akamalizia. "Na mimi ni mwananchi. Au tumeanza kuficha bidhaa?"

Neno lile siku zile halikuwa la mzaha. Watu walikuwa wamekamatwa kwa kuficha madebe ya mafuta ya kupikia. Abdulrahmani alipaswa kusema kliniki, aseme surua, aseme watoto wa Ziwani. Maneno yote matatu yalikuwa mdomoni. Akasema, "Tutaangalia, Ndugu Meneja."

Moyoni akajitetea. Nikiupata mwanya unaovujisha, alijiambia, nikauziba sawasawa, nitatia gesi kidogo tu, na ya Sista itabaki. Si hesabu mbaya. Ubaya wake ni kwamba ilitegemea sabuni.

Gesi haionekani wala hainuki. Fundi hupaka povu la sabuni kwenye mabomba na maungio, kisha hutazama linapochemka, hapo ndipo gesi inapotoka. Na sabuni haikuwepo mjini. Nyumbani kwake kulikuwa na kipande kimoja, Mwaisha alikifunga kwenye pindo la kanga kuukuu na kukiweka chini sandukuni. Hakuna aliyekitaja, lakini kila mtu mle ndani alijua ni cha nini. Mama yake Abdulrahmani alikuwa kitandani, haamki tena, na Mwaisha hakutaka mkwewe akifariki aje aoshwe kwa maji matupu. Angeanzaje kumwambia mkewe, nipe sabuni ya mama nikapake gari la Meneja?

Kwa hiyo alifanya kama mji mzima ulivyofanya siku zile kwa nguo. Alikwenda nyuma ya kibanda, akachuma majani ya mpapai, akayaponda na kuyafikicha majini mpaka yakatoa povu la kijani. Nguo zilitakata kwa povu lile, hakuna ubishi. Akalipaka kwenye mabomba yote. Karibu na kompresa likachemka mara moja, na moyo wake ukachangamka. Akafungua maungio yale, akachonga kipete kipya cha shaba cha kuzibia, akakaza. Akasukuma hewa ndani, akapaka tena, kimya. Akapaka na koili, yale mabomba ya baridi yaliyojikunja na kujificha nyuma ya dashibodi, akichungulia kwa tochi yenye betri za kufa. Huko aliona povu likinywea na makapi ya majani yakigandia. Akasema ni makapi tu yanayolifisha, si mwanya. Akafyonza hewa kwa kompresa ya friji bovu, akatia gesi nusu ya iliyokuwemo mtungini.

Gari likapuliza baridi. Erasto akaingiza kichwa ndani, akafumba macho, akacheka kama mtoto. Abdulrahmani naye alicheka, na usiombe kujua raha aliyoisikia. Ilikuwa raha ya kweli, ya fundi.

Kesho yake Erasto akarudi mbio.

"Joto, mzee. Na mgeni ndege yake inashuka mchana huu. Meneja amefura, hata salamu haitikii."

Fundi alipaka tena majani, na majani hayakumwonyesha kitu. Hapo alikwisha jua, mikono yake ilijua, kwamba mwanya uko kwenye koili ya ndani na kwamba kila atakachotia kitatoka. Alisimama na mtungi mkononi. Erasto alikuwa akitazama saa. Abdulrahmani akaunga mpira garini, akafungua koki, akaiacha wazi mpaka mtungi ukaacha kuvuma.

Chanjo ilifika Alhamisi ya wiki ile ile, na usiku friji la Theresia likanyamaza. Asubuhi Theresia alikuja Ufukoni kwa miguu, anatweta, akimwita kutoka mbali. Abdulrahmani alimwonyesha mtungi. Theresia aliuinua kwa mkono mmoja, akausikia ulivyo mwepesi, akauweka chini. Akamwambia, "Twende tujaribu." Wakaviweka vichupa ndani ya mtungi wa udongo, wakauzungushia magunia mabichi, wakamwagia maji zamu kwa zamu siku zote zile. Joto la Mtwara halikuwahurumia. Jumatatu Theresia alivitazama, akajua vimeharibika, akavikusanya kwenye beseni ili vikatupwe.

Nje ya kliniki akina mama walikuwa wamekwisha jaa barazani. Mabalozi wa nyumba kumi walikuwa wamepita vijijini kuwaita, wengine walitoka Ziwani usiku, watoto mgongoni. Theresia alikwenda kuwaambia kwamba friji limekufa na chanjo imeharibika. Abdulrahmani alimfuata, ingawa hakuna aliyemwita.

Mama mmoja, Mwanakombo wa Ziwani, alimtambua. "Ndiye fundi huyu," aliwaambia wenzake. "Tazameni alivyochoka. Mungu akulipe, baba, umetuhangaikia."

Wengine wakaitikia amina. Abdulrahmani alihisi afadhali wangempiga.

"Msinishukuru," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, akarudia. "Msinishukuru. Gesi ya friji hili nilikuwa nayo. Niliitia kwenye gari, gari la mkubwa."

Mwanakombo alimhamisha mtoto wake kutoka mgongoni, akampakata. Hakuwa na hasira usoni, alitaka tu kuelewa.

"Kumbe," akasema. "Basi mle garini mlikuwa na mgonjwa?"

"Hapana, dada," Abdulrahmani alijibu. "Mlikuwa na joto tu."