Mfereji Katika Fungu la Mchanga

Kila masika yalipokatika, Beldina alimwona jirani yake, mchimba mchanga, akishuka kwenye mto Nyando kuujua upya. Aliingia majini taratibu, kama aingiaye kanisani ibada ikiendelea, akaipapasa sakafu ya mto kwa nyayo: changarawe pale maji yalipokimbia, mchanga laini pale yalipochoka. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka, na sauti aliitumia kwa nadra tangu mkewe azikwe uani, upande wa nje wa kona ya mto, ambako mto hula ukingo na kwenda kuutapika ng'ambo. Mwaka huu tena alichimba mfereji katikati ya fungu la mchanga la ng'ambo, wala hakuna lori lililokuja kuchukua mchanga.

"Mzee, unamchimbia nani?" Beldina aliuliza.

"Nayapa maji njia fupi, yaache kula kwangu."

"Mafuriko si yataufukia tena, kama mwaka jana?"

"Yataufukia."

"Sasa wewe Mzee unabishana na mto!"

Mzee akacheka kidogo, akainamia koleo. Beldina akageuka kuutazama ukingo. Baina ya kaburi la mke wa mzee na maji palikuwa pamebaki nafasi ya kaburi jingine moja tu.