Bunduki Haina Miguu

Naikumbuka Jumamosi moja ya miaka ya sabini, mwanangu, na kila nikiikumbuka hucheka kwanza ndipo nikatulia. Nilikuwa kijana, nimekuja Stockholm kusomea utangazaji wa redio, nakaa kitongoji cha Skärholmen, katika chumba kilichotazama maduka. Kiswahili changu kilikuwa cha Tanga, na nilikivaa kama suti mpya.

Kanisa moja la hapa lilikuwa na wamisionari mashariki ya Kongo. Vita vya kule vilikuwa vimetulia, lakini bunduki zilibaki msituni pamoja na vijana walioogopa kurudi. Kanisa likaniomba niandike tangazo la redio la kuwaita. Msomaji angekuwa rafiki yangu Otieno, Mkenya mwenye sauti nzito. Wa kutusahihisha alikuwa Mama Faida, Mkongo aliyewafundisha Kiswahili Waswidi waliojiandaa kwenda huko. Mdogo wake, Byamungu, alikuwa bado msituni na bunduki yake. Mama hakuwa amemtia machoni tangu vita vianze.

Tukaketi sebuleni kwake, kahawa mezani. Otieno akakohoa, akasoma: "Ndugu wananchi, toeni bunduki zenu!"

Akaweka karatasi chini, akainua mikono juu.

"Bwana, hii ni tangazo ama ni vita inaanza tena? Mimi nikisikia hivyo naitoa kweli, halafu nalenga!"

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Maana kweli, kutoa ni kukabidhi, na kutoa ni kuchomoa. Nikafuta, nikaandika: "Salimisheni silaha zote." Nikaliona limekaa kiserikali hasa.

Safari hii Mama Faida hakucheka. "Weye kijana, anayesalimisha ni yule alishindwa. Byamungu haoni kama alishindwa. Atabakia huko huko."

"Lakini Mama," nikajitetea, "maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Nitaongeza utamu."

"Mdogo yangu hayuko nyoka!" Akanigonga bega kwa kijiko, wala si kwa ukali. "Unaita bunduki. Bunduki haiko na miguu, itakuja namna gani? Ita mutu! Mutu akikuja, bunduki itamufuata."

Hapo, mwanangu, nikaitazama karatasi yangu: nilikuwa nimetaja aina za silaha, mahali pa kuzileta, na adhabu ya kuzificha. Neno "karibu" halikuwamo.

"Na mukisha kuzipokea," akaendelea, "munazipeleka wapi?"

Nikasema zitafungiwa ghalani. Akatikisa kichwa. Kijijini kwao bunduki ziliwahi kukusanywa mlango wa mbele, zikatokea mlango wa nyuma mikononi mwa watu wengine. Basi tukauliza kanisani, na kanisa likawauliza wakuu wa kule. Jibu lilichelewa, lakini lilikuja: bunduki za vita zingevunjwa hadharani, magobore ya kuwindia kanga yangeandikishwa na kubaki na wenyewe. Tukaandika hayo tu, wala hatukuongeza chumvi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Tangazo letu likawa hivi: "Ndugu yetu uliye msituni, watu wako wanakuulizia. Karibu nyumbani. Ulicho nacho mkononi njoo nacho, mtutu ukitazama chini."

Studioni Otieno alilisoma mara moja tu, pole pole. Fundi mitambo, Mswidi asiyejua Kiswahili hata kidogo, akavua visikilizio masikioni na kutuuliza: je, kuna mtu anaalikwa harusini? Mama Faida akamjibu kwa Kiswidi kwamba ndiyo, karibu na hivyo.

Kanda ikapelekwa Kongo, miezi ikapita, mmisionari akarudi na habari. Byamungu alikuwa ametoka, wenzake nyuma yake. Alikataa kuiacha bunduki yake mpaka apewe nyundo. Aliivunja mwenyewe, kinamama wakapiga vigelegele, kisha akatuma salamu: "Mwambieni yaya nimeshaoa." Yaya kwao ni dada mkubwa.

Sidai kuwa ni tangazo letu lililomtoa. Lakini Mama Faida alicheza pale uwanjani mbele ya maduka ya Skärholmen, mfuko wa viazi mkononi, na Waswidi wakatupisha kwa heshima zote.

Basi sikia nasaha yangu, wewe unayenijibu Kiswidi nami nikakuelewa vilevile. Ukitaka mtu aweke chini alichoshika, kiwe bunduki au kinyongo, usianze kwa kukitaja. Mtaje yeye. Mwonyeshe pa kukaa kabla ya kumwambia pa kuweka. Na ukishakipokea, kivunje mbele ya macho yake, usikifiche uvunguni ukingoje siku ya hasira yako. Amani ya kweli haiogopi kutazamwa mchana.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi unaofungua milango. Awepo siku zote mtu wa kukuita kwa jina lako, nawe uitike ukiwa mzima, mikono mitupu, moyo mweupe. Amina.