Kiti cha Mwenye Ziwa

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa maji lakini si wa kuachiwa moto, tuliishi kando ya Ziwa Lukenge, kwenye mabonde yaliyo nyuma ya Makurunge. Huko Mto Ruvu ukijaa wakati wa masika hutoka njiani kwake na kuingia kwenye mashamba ya watu bila hodi. Kiangazi ziwa lilikuwa dogo. Mbuzi akisimama ng'ambo tulimwona na tukajua ni wa nani. Masika likivimba, mahindi yalizama, migunga ikabaki vichwa tu juu ya maji, na watu wazima wakaanza kuongea kwa sauti ya chini.

Walisema maji yakijaa, mwenye ziwa huja. Hakuna aliyemtaja kwa jina. Wengine walisema hushuka na mto kutoka milimani, wengine wakasema hulala matopeni mwaka mzima mpaka maji mapya yamwamshe. Walichokubaliana wote ni kwamba huchoka kuogelea, na akichoka hutafuta pa kukaa. Mtumbwi usiomwekea nafasi, huupindua akajipatia nafasi mwenyewe.

Aliyekuwa akitengeneza kiti chake ni bibi yangu, mama yake baba. Aliitwa Bi Tatu, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye haraka ya mikono na uvivu wa maneno. Kiti chenyewe kilikuwa kibuyu kikubwa, kitupu, kilichozibwa mdomo kwa gunzi na nta ya nyuki, kikafungwa kamba ndefu ya katani. Kilikuwa na masharti yake. Mtu asikikalie. Kisitiwe kitu ndani. Kamba isifupishwe. Na kisiachwe pwani hata mtumbwi ukijaa. Heri ateremke mtu. Akimaliza kukifunga, bibi alikisomea kitu, midomo ikicheza bila sauti, na wavuvi walikipokea wakitazama pembeni, kama watu wanaopewa dawa ya ugonjwa wa aibu.

Nikikumbuka sasa, naona kwamba walimshuku hata kabla ya balaa. Kisimani niliwahi kumsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, bila kujua niko nyuma yake na ndoo: "Anayejua yule anapenda kukaa wapi, basi wamewahi kukaa pamoja." Mwenzake aligeuka, akaniona, akanisifia nywele zangu. Nilikuwa mdogo, lakini si mdogo wa kutojua sifa ya namna ile inatoka wapi.

Kisha ukaja mwaka wa maji makubwa. Mvua ilinyesha kule juu zaidi kuliko kwetu, ikawa tunaamka jua linawaka na ziwa limepanda. Asubuhi moja bibi alinibebesha kibuyu, tukaenda mpaka alipokuwa Hamisi, kijana jirani aliyekuwa ametoka kuoa, akipakia nyavu zake. Kulikuwa na wavuvi wengine wamesimama pale.

"Shikamoo, Bi Tatu," Hamisi akasema. "Kiti hicho leo kampe mwingine. Mtumbwi wangu ni wa watu."

Wenzake wakacheka.

"Marahaba, mwanangu. Chukua tu. Maji ya leo si ya jana."

"Na nisipochukua?"

"Usipochukua, utajionea mwenyewe."

Nilikuwa karibu na bibi, kamba ya kibuyu mkononi. Alisema maneno yale kama mtu anavyomwambia mtoto anayekimbia na kikombe cha chai: kwa kuchoka, tena akiwa ameshageuka kuondoka. Lakini mtu akiyarudia maneno kwa mwingine, harudii na uchovu uliokuwa ndani yake. Jioni Hamisi hakurudi. Kesho yake mtumbwi ulionekana umelala kifudifudi karibu na pale mto unapoingilia ziwani, na yeye mwenyewe alipatikana baadaye kwenye matete. Kufikia mazishi, kila mtu pale kijijini alikuwa anajua Bi Tatu alimwambia nini, na kila aliyesimulia aliongeza macho: kwamba alimkazia macho, kwamba macho yalikuwa mekundu, kwamba hakupepesa.

Hakuna aliyekuja kutupigia kelele, na labda ingekuwa afadhali waje. Badala yake watu walianza kupita njia ya nyuma. Watoto walikatazwa kuchezea uwanjani kwetu. Shikamoo zikakauka. Bibi alikuwa akienda zake kisimani, watu wakanyamaza anapopita, naye akaitikia "Marahaba!" kwa sauti kubwa, kwa watu ambao hawakumwamkia. Nilicheka mara ya kwanza nilipomsikia. Hakucheka yeye.

Kondo, kaka yake Hamisi, alikuja siku moja akasimama mlangoni. Alikataa kukaa. Akamwambia baba, mbele yetu sote, "Ndugu yangu, sina ugomvi na wewe. Nataka kujua tu. Mama yako aliona nini siku ile?"

"Muulize mwenyewe, yuko uani," baba akajibu.

Kondo hakwenda uani. Aliangalia upande ule kidogo, akaaga, akaondoka. Tangu hapo nilimwona baba akimtazama mama yake kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea. Alikuwa akisimama kizingitini wakati bibi anaziba vibuyu, anatazama midomo yake.

Maji hayakupungua. Shamba letu lilikuwa chini ya ziwa, unga ulikuwa umebaki wa mhogo tu, na nyavu za baba zilikuwa zimenasa ng'ambo kwenye migunga, zinaoza pale na samaki wakiwemo. Asubuhi moja yenye jua zuri akaamua kwenda kuzitoa. Mtumbwi wetu ulivuja, ukihitaji mtu wa kuteka maji na kuyamwaga kwa kopo, na mama alikuwa na mtoto mchanga. Nikaenda mimi.

Bibi alitukuta majini na kibuyu chake.

"Mama, leo hapana," baba akasema. Alisema kwa heshima, lakini hakumtazama. "Watu wanaangalia."

Kweli walikuwa wanaangalia. Kondo alikuwa kwenye mtumbwi wake na mwenzake, hatua chache kutoka kwetu, wanajifanya kukunja kamba.

"Waangalie," bibi akasema.

"Nataka waone nakwenda bila kitu, na narudi. Nataka hii habari iishe."

"Wewe nenda bila kitu. Huyu hapana."

Akaingia majini mpaka kiunoni na khanga zake, akanifunga ile kamba chini ya kwapa, mafundo mawili, akayavuta mpaka nikalia. Kibuyu akakiweka miguuni kwangu. Safari hii hakukisomea kitu. Nilimtazama midomo, ilikuwa imebanwa. Baba alikaa na kafi mkononi, shingo imemkakamaa. Nadhani angeweza kumzuia. Lakini mtu aliyekuwa akisimama kizingitini siku zote zile sidhani kama alithubutu.

Tulikwenda salama mpaka katikati. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda upande bila wimbi, na chini kidogo ya uso wake ulikuwa ukiona vivuli vya miti ikiwa imesimama wima. Baba aliongea nami kwa uchangamfu, kama mtu aliyekwisha kushinda. Tulizifikia nyavu. Akasimama kuivuta ya kwanza, ilikuwa imeshikwa chini, akaivuta zaidi, na papo hapo mkondo ukausukuma mtumbwi ukapanda juu ya kisiki kilichofichwa na maji. Nilisikia mkwaruzo chini ya makalio yangu. Kisha nikawa ndani ya maji.

Sikumbuki kuogopa. Nakumbuka kamba ikinikata makwapani, ikinivuta juu kwa nguvu kama mtu mwenye hasira, na kichwa changu kikatoka kwenye jua. Kibuyu kilikuwa mbele ya uso wangu kinacheza. Mtumbwi ulikuwa umegeuka unakwenda zake. Baba hakuwapo. Niliita. Akaibuka mbali kidogo, akazama tena. Wavu ulikuwa umemviringa miguu. Akaibuka mara nyingine, na safari hii mkono wake ukaishika kamba yangu. Kibuyu kilizama mpaka nusu, nikameza maji, kikapanda tena. Kikatubeba sote wawili. Alikiegemea kwa kifua, akihema, uso wake karibu na wangu, na nilichokiona machoni mwake nilikiita furaha kwa miaka mingi, kwa sababu sikuwa na jina jingine la kukipa.

Mkondo ulitusukuma mpaka kwenye vichwa vya migunga, miiba ikatushika nguo, na hapo Kondo na mwenzake wakatufikia. Siku zote nitasema kwamba Kondo, ambaye nduguye alikuwa kaburini na moyo wake umejaa yale tuliyoyajua, alipiga makafi kama mtu anayefuata mwanawe. Alinipandisha kwanza. Alimkata baba wavu miguuni kwa kisu. Kisha akaona kibuyu kinaning'inia kwenye kamba yangu, akarudi nyuma mtumbwini mpaka ukayumba.

"Hicho hakipandi humu," akasema.

"Kondo," baba akaanza.

"Nimesema hakipandi."

Alikata kamba. Kibuyu kikaondoka na maji, chepesi, bila kutingishika, na sisi wanne tukakitazama mpaka kilipopita matete. Mwenzake Kondo alikuwa akisoma dua kimoyomoyo, nilimwona ndevu zikitikisika.

Bibi alikuwa amekaa pwani na khanga kavu mapajani. Baadaye mama aliniambia alikuwa hapo tangu tulipoondoka, na kwamba khanga zile alimpelekea yeye, bibi ajibadilishie, kwa kuwa alilowa. Lakini watu walichokiona ni kikongwe amekaa anangoja na nguo kavu. Alinifunika, akanishika kichwa, akanigeuza huku na huku kama mtu anayechagua nazi. Kisha akamtazama mwanawe.

Baba alikuwa amesimama anachuruzika maji. "Ulijuaje, mama?" akauliza.

"Nilijua nini?"

Baba akaingia ndani. Usiku ule hakula chakula alichopika mama yake, akasema tumbo limejaa maji. Kesho yake hakula pia, na kesho kutwa hakutoa sababu.

Hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Hamisi alikataa kibuyu akafa, watu wakasema bibi amemuua. Sisi tulikuwa nacho tukapona, watu wakasema mmeona, anayemtaka anamwachia. Hakuna ambalo angefanya likamtoa lawamani. Na aliyeshawishika kuliko wote alikuwa yule aliyekuwa amekumbatia kibuyu kwa kifua. Maji yalipopungua, baba alituhamishia Bagamoyo mjini, akasema ni kwa ajili ya shule. Bibi hakuambiwa asije. Hakuambiwa aje, vilevile.

Mama ndiye aliyenipeleka kwake kila likizo, akibishana na baba kwa kunyamaza, silaha aliyoijua vizuri. Katika likizo mojawapo, nikiwa msichana mkubwa sasa, nilimuuliza bibi waziwazi. Alikuwa anachambua mchicha.

"Bibi, mwenye ziwa yupo?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kibuyu ni boya. Shuleni tumesoma kitu chenye hewa hakizami."

Aliendelea kuchambua. "Mama yangu alizikwa akiwa ameshazika watoto wawili waliochukuliwa na ziwa hili," akasema. "Yeye ndiye aliyeona maboga yanavyoelea mafuriko yakija. Akawaambia wanaume wachukue vibuyu mtumbwini wasizame. Wakamcheka. Mwanamume gani aende kazini na kitu cha kuonyesha anaogopa maji? Basi akawaambia ni kiti cha mwenye ziwa. Wakabeba."

Nilicheka. Nilifurahi sana, kwa kweli. Nilihisi mzigo wa miaka umenitoka begani. "Kwa hiyo hayupo!"

Bibi akainua kichwa akanitazama, na nikaacha kucheka. "Mimi nimekuambia kibuyu kilianzaje," akasema. "Sijakuambia nani yupo na nani hayupo."

Alifariki masika, maji yakiwa juu. Ilitubidi tuzunguke na njia ya Fukayosi kufika. Kondo, mzee sasa, alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi, akafanya kazi yake mpaka mwisho na kuondoka kabla ya chakula. Baba alikaa kwenye mkeka pembeni yangu baada ya watu kutawanyika. Nilikuwa mama wa watoto tayari, lakini aliniuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kukatazwa.

"Mwanne. Wewe ulikuwa unakaa naye. Aliwahi kukuambia alijuaje?"

Nikamwambia yote: maboga, wale watoto wawili, wanaume waliocheka. Nilimwambia na lile la mwisho, kwa sababu sikutaka kumsafisha bibi kwa kumpunguza. Baba alisikiliza huku akiuchuna ukindu wa mkeka.

"Sasa mbona mimi hakuniambia?" akasema.

"Ulimuuliza mara moja, baba. Akakuuliza na yeye ulimaanisha nini, ukaingia ndani."

Hakukasirika. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubaliana na hesabu. Kisha akainuka, akaenda jikoni kwa wanawake, akaomba sahani. Kilikuwa chakula cha msiba, kimepikwa na majirani waliokuwa wakipita njia ya nyuma. Alikula amesimama, pale pale uani kwa mama yake, akamaliza chote.

Nimeishi na jambo lile nikiligeuza huku na huku. Sijui kama ziwa lina mwenyewe. Masika yakija na maji yakipanda, nikiwa nyumbani kwangu mjini, bado huwa nahesabu wanangu kabla sijafunga mlango. Lakini ninachokijua ni hiki: bibi yangu alipata njia ya kuwafanya watu waogope kwa faida yao, na woga ule, ulipokwisha kuwavusha, ulirudi kutafuta pa kukaa, ukamkuta yeye. Na yule aliyekuwa karibu naye kuliko wote alikuwa na swali moja tu la kuuliza, na uani palikuwa hapo hapo, na mlango ulikuwa wazi.