Chupa Isiyosuuzwa

Miaka ile ya hamsini, kabla sijathubutu kujiita mwandishi, kalamu yangu iliandika vibandiko vya chupa za maji. Nilikuwa msaidizi wa Bwana Afya mjini Iringa, kijana aliyeletwa na basi kutoka Uyole, Mbeya, mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi hadi ikakaribia kusimama yenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuzungukia visima na chemchemi, kuchukua maji kidogo na kuyapeleka maabara ya hospitali yapimwe. Niliipenda kazi ile kama wengine wanavyopenda ngoma. Kila chemchemi ilikuwa na sauti yake, nami niliamini ningeweza kuzitambua nikiwa nimefumba macho.

Chupa ilichemshwa, ikafungwa kwa karatasi na uzi. Unaifungua penye maji, unaijaza, unaifunga. Basi.

"Usiisuuze," aliniambia Bwana Afya, mtu wa Tanga, mpole mpaka umkosee. "Hata kama roho inakuuma, usiisuuze."

Sikuelewa kwa nini roho iniume kwa chupa.

Nilielewa bondeni, chini ya Mlandege. Chemchemi ya pale ilikuwa na mlezi wake, mama wa Kihehe aliyefagia njia kila asubuhi na kuopoa majani yaliyoangukia majini. Nilimkuta amesimama mbele ya foleni ya wanawake wenye mitungi na madebe.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Kachupa haka ka nini?"

"Ka marashi hako," akadakia mmoja kwenye foleni aliyejua nilikotoka. "Mbeya maji yamekwisha, anawapelekea nduguze wanuse!"

Wakacheka mpaka mtungi mmoja ukayumba kichwani. Nikacheka nao, na katika kucheka huko mama akaichukua chupa mkononi mwangu.

Kwao, kama kwetu, mgeni hatiliwi maji katika chombo kikavu. Mwenyeji hukisuuza kwanza, ndipo akijaze. Ukimzuia, umemwambia mbele ya watu kwamba mikono yake ni michafu. Mama yule alichota kwa kata ya kibuyu iliyokwisha kupita mikononi mwa foleni nzima, akatia maji chupani, akaingiza kidole, akazungusha, akamwaga. Kisha akaijaza, akanipa kwa mikono miwili. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikasema asante, nikaandika kibandiko kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote.

Siku chache baadaye majibu yakaja: maji hayafai. Nilimkuta Bwana Afya akipaka rangi ubao wa kukataza. Jumamosi chemchemi ingezibwa kwa mawe, na wanawake wale wangeteremka hadi mto Ruaha Mdogo, kuchota maji yenye rangi ya chai ya maziwa, pale ng'ombe wanapoogea.

Nilisimama mlangoni. Maneno yalitoka yamenyooka.

"Bwana, chupa ile ilisuuzwa."

Brashi ikasimama. "Na nani?"

"Na mwenyeji. Nilimwachia."

Akaiweka brashi chini. "Kwa hiyo hukunipimia chemchemi. Umenipimia kata!"

"Ndiyo, bwana."

"Rudi. Chukua chupa mbili. Moja jichotee mwenyewe pale maji yanapotoka mwambani. Ya pili mwache mama afanye heshima zake zote."

Nikarudi. Mama aliponyoosha mkono, nikaishikilia chupa ya kwanza kifuani.

"Mama, hii moja naomba nichote mwenyewe."

"Mikono yangu imefanya nini?" mama akauliza, foleni nzima ikisikiliza.

"Chupa hii ni shahidi, mama. Tukimlisha maneno kabla hajaulizwa, hatasema kweli. Na wanataka kuifunga chemchemi yako."

Mama akaiweka mikono yake nyuma, akaishika huko kama mtu anayeshika ng'ombe wawili wakaidi. "Chota. Lakini ukitumbukia humo, sikutoi."

Maabara ikajibu kama nilivyotumaini: maji ya mwambani yalikuwa safi; yaliyopita kwenye kata yalikuwa machafu. Nilimpelekea habari mwenyewe.

"Basi ni kata yangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Ni kata ya wote, mama. Kila anayekuja anaishika, na mkono anauzamisha mle majini."

"Basi toeni mikono. Maji yaje yenyewe."

Nilipomfikishia Bwana Afya neno hilo, alilipenda kuliko ubao wake. Tulizungushia jicho la chemchemi ukuta wa mawe na saruji, tukaufunika juu, tukatoa bomba moja la chuma upande wa bondeni, ili mtungi ukae chini yake na pasiwepo wa kuzamisha chochote. Mama alibeba mawe kuliko mimi, na hakuacha kunisema kwa hilo.

Tulipima tena maji ya bomba. Barua ilipofika nikaipeleka bondeni, nikaisoma mbele ya foleni: maji ya chemchemi hii yanafaa kunywewa, na haitafungwa.

"Rudia pale penye 'yanafaa'," mama akasema.

Nikarudia.

"Sasa kwa Kihehe, hawa wa nyuma hawajasikia."

Kihehe changu kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza viazi. Nilijaribu hivyo hivyo, kwa sauti kubwa, nikiyavunja maneno njia nzima, nao wakashika mbavu kwa kicheko huku mtungi wa kwanza ukijaa na kufurika chini ya bomba.